Kutendua Kuficha: Ufichuzi wa Nyaraka Mahakamani na Kesi ya Wazee wa Mau Mau

Ikisiri

Makala haya yanachunguza ufichuzi wa nyaraka katika kesi za madai, yaani wajibu ambao mahakama huutwika kila upande wa kesi kuonyesha nyaraka zake, zikiwemo zile zinazoudhuru. Uchunguzi unafanywa kwa njia mbili. Kwanza, istilahi yenyewe inachambuliwa kwa misingi ya mofolojia ya Kiswahili, hasa kauli ya kutendua. Pili, wajibu huo unafuatiliwa katika kesi iliyofunguliwa na wazee wa Mau Mau jijini London mwaka wa 2009. Makala yanadai kwamba ufichuzi uliwapa wazee hao silaha ambayo wasingeipata kwingine, lakini kwamba nguvu yake hukoma pale ambapo waraka uliofichwa umekuwa waraka uliochomwa.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu hukutana na mahakama katika tamthilia na riwaya. Humo kesi huamuliwa kwa ufasaha: wakili husimama na kunguruma, shahidi hubanwa kwa maswali, na ukweli hujitokeza mbele ya umma. Katika mahakama halisi, kesi nyingi za madai huelekea ushindi au kushindwa miezi mingi kabla ya shahidi wa kwanza kula kiapo. Swali linaloamua ni hili: nani anazo karatasi, na je, anaweza kulazimishwa kuzitoa?

Swali hili huwa zito zaidi pande mbili zisipolingana. Mfanyakazi anapomshtaki mwajiri wake, rekodi za mishahara zimo mikononi mwa mwajiri. Mgonjwa anapoishtaki hospitali, faili ya matibabu imo kabatini mwa hospitali. Raia anapoishtaki serikali, majalada karibu yote ni ya serikali. Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Sheria ya ufichuzi ni jaribio la kuilazimisha kata iseme.

Kwa mtaalamu wa lugha, suala hili lina sura mbili. Kuna suala la istilahi: jambo hili liitweje kwa Kiswahili ili mwananchi alielewe na kulidai? Kuna pia suala la ithibati: simulizi ya mdomo ina uzito gani mbele ya waraka? Kesi ya wazee wa Mau Mau inayakutanisha masuala haya mawili, na ndiyo sababu imeteuliwa hapa.

2.0 Istilahi na Maana Yake

Istilahi ya zamani ya Kiingereza kwa utaratibu huu ilitokana na kitenzi chenye maana ya kugundua. Mwaka wa 1999, kanuni mpya za mwenendo wa kesi za madai zilipoanza kutumika Uingereza na Wales, istilahi hiyo iliachwa na nafasi yake ikachukuliwa na nyingine yenye maana ya kufichua. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ya Kenya, Sura ya 21, ingali inatumia istilahi ya zamani. Mfasiri anayeifuata sisisi atapata neno ‘ugunduzi’.

Tafsiri hiyo inapotosha, na kosa lake liko katika mtendaji. Katika kugundua, mtendaji ni yule anayetafuta: mwanasayansi hugundua dawa, mpelelezi hugundua alama za vidole. Katika utaratibu wa mahakama, mtendaji ni yule aliye na kitu. Sheria haimwambii mdai aende akagundue. Inamwambia mdaiwa aonyeshe. Anayelisikia neno ‘ugunduzi’ atadhani kwamba mzigo ni wa anayetafuta, ilhali sheria imeuweka mzigo huo kwenye mabega ya anayeshika.

Neno ‘ufichuzi’ linafaa zaidi, na sababu zake zimo katika umbo lake. Kitenzi ‘fichua’ ni kauli ya kutendua ya ‘ficha’. Kauli hii hugeuza kitendo kikarudi kinyume: funga hupata fungua, ziba hupata zibua, funika hupata funua, fukia hupata fukua, tega hupata tegua. Kitenzi kikishanyambuliwa hivyo, nomino huundwa kwa kiambishi ‘u-’ na kiishio ‘-zi’, kama chagua inavyozaa uchaguzi na nunua ununuzi. Kwa hiyo ‘ufichuzi’ hubeba ndani yake hali mbili: kwamba kitu kilikuwa hakionekani, na kwamba sasa hali hiyo inatenduliwa.

Maneno mengine yanayoweza kupendekezwa yana upungufu. ‘Utoaji wa nyaraka’ ni maelezo sahihi, lakini hayaonyeshi kwamba nyaraka hizo hazikuwa zikionekana. ‘Ufunuo’ limekwisha kutekwa na uwanja wa dini. ‘Ufumbuzi’ linaelekea kwenye kitendawili na suluhisho lake. Kuna anayeweza kupinga kwamba ‘ufichuzi’ nalo lina harufu ya tuhuma, kana kwamba kila mwenye nyaraka ni mhalifu. Hoja hiyo hujibiwa na kauli ya kutendeka: kitu kinaweza kufichika bila ya mtu kukificha. Barua iliyofungiwa kabatini kwa nia njema imefichika kwa upande wa pili, na bado inahitaji kufichuliwa.

Neno ‘waraka’ nalo linastahili kuangaliwa. Asili yake ni Kiarabu, katika neno lenye maana ya jani au karatasi. Kiswahili kililipokea, kikaichukulia sauti yake ya mwanzo kuwa kiambishi cha ngeli, na kikaliundia wingi wa ‘nyaraka’. Katika sheria, maana yake imepanuka kuliko karatasi. Kanuni za Uingereza huhesabu kuwa waraka kitu chochote ambamo habari za namna yoyote zimerekodiwa. Ramani, picha, kanda ya sauti na barua pepe zote ni nyaraka. Lugha iliyolipanua neno moja kutoka jani hadi karatasi haitashindwa kulipanua tena hadi kwenye kompyuta.

3.0 Utaratibu wa Ufichuzi

Chini ya kanuni za Uingereza zilizoanza mwaka wa 1999, ufichuzi wa kawaida una hatua mbili. Hatua ya kwanza ni orodha: kila upande hufanya msako wa kiasi kinachofaa, kisha huorodhesha nyaraka zilizomo au zilizowahi kuwa katika mamlaka yake. Hatua ya pili ni ukaguzi: upande wa pili hupewa nafasi ya kuzisoma nyaraka hizo na kupata nakala.

Nyaraka zinazopaswa kuorodheshwa ni za aina nne. Kuna zile ambazo upande husika unazitegemea. Zile zinazoidhuru kesi yake. Zile zinazoidhuru kesi ya upande mwingine. Na zile zinazoiunga mkono kesi ya upande mwingine. Aina ya kwanza haihitaji kulazimishwa, kwani kila mwamba ngoma huvutia kwake. Moyo wa sheria hii uko katika aina ya pili na ya nne, ambapo mtu anatakiwa amkabidhi mpinzani wake fimbo ya kumpigia.

Kipimo cha zamani kilikuwa kipana zaidi. Katika kesi ya mwaka wa 1882 iliyoihusu kampuni ya Peruvian Guano, mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kwamba waraka unapaswa kutolewa hata kama hauthibitishi lolote wenyewe, mradi tu unaweza kumwongoza mpinzani kwenye mfululizo wa uchunguzi utakaomfaidi. Kipimo hicho kilizaa milima ya karatasi na gharama kubwa, na mageuzi ya mwaka wa 1999 yalikibana. Hata hivyo, upande unaoamini kwamba kitu fulani hakijatolewa unaweza kuiomba mahakama iamuru ufichuzi mahususi, yaani utoaji wa nyaraka zilizotajwa au aina ya nyaraka iliyotajwa.

Wajibu huu una mipaka. Mawasiliano ya siri kati ya wakili na mteja wake kwa ajili ya ushauri wa kisheria hupata kinga ya kutokaguliwa. Vivyo hivyo, serikali inaweza kudai kwamba kuutoa waraka fulani kutadhuru maslahi ya umma.

Nchini Kenya, kifungu cha 22 cha Sura ya 21 kinaipa mahakama uwezo wa kuamuru ufichuzi, ukaguzi na utoaji wa nyaraka, iwe kwa kuombwa au kwa hiari yake yenyewe. Kanuni za mwaka wa 2010 zinamtaka mdai aambatanishe na hati ya madai nakala za nyaraka atakazozitegemea, na mdaiwa afanye vivyo hivyo katika utetezi wake. Ni muhimu kuona tofauti. Kinachoambatanishwa ni kile ambacho mwenyewe anakitegemea. Kile kinachomdhuru hakiji chenyewe. Mpinzani wake hana budi kuamka na kukiomba. Ajuaye kuomba hupata, na asiyejua kwamba anaweza kuomba hukosa.

4.0 Majalada ya Hanslope Park

Mwezi wa Juni 2009, Wakenya watano waliokuwa wazee walifungua kesi katika Mahakama Kuu jijini London dhidi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza. Walidai kwamba waliteswa vibaya na maafisa wa serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kumalizika mwaka wa 1960. Kesi hiyo hujulikana kama kesi ya Mutua na wenzake. Tume ya Haki za Kibinadamu ya Kenya ilikuwa miongoni mwa walioiunga mkono.

Utetezi wa serikali ya Uingereza ulikuwa na nguzo mbili. Kwanza, dhima yoyote iliyokuwapo ilihamia kwa serikali ya Kenya wakati wa uhuru mwaka wa 1963. Pili, muda wa kushtaki ulikuwa umekwisha kitambo. Ili kuzibomoa nguzo hizi, wazee walihitaji kuonyesha mambo ambayo mfungwa hawezi kuyaona kutoka ndani ya seng’enge: nani aliamuru nini, nani alijua, na barua zilipita wapi kati ya Nairobi na London.

Hapo ndipo wanahistoria walipoingia. David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett walitoa taarifa za ushahidi. Katika taarifa yake ya mwezi wa Desemba 2010, Anderson alionyesha kwamba takriban majalada 1,500, katika masanduku 300, yalisafirishwa kutoka Kenya hadi Uingereza karibu na uhuru, na kwamba hayakuwahi kuonekana katika hifadhi ya umma. Alikuwa ameufuata unyayo wa majalada hayo katika karatasi nyingine zilizoyataja. Kwa hiyo ombi la mawakili halikuwa la kubahatisha. Walitaja kitu, idadi yake na wakati wa safari yake.

Mwezi wa Januari 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada yalikuwapo. Yalikuwa Hanslope Park, kituo cha Wizara ya Mambo ya Nje katika jimbo la Buckinghamshire, pamoja na mengine ya makoloni mengine ya zamani. Kwa jumla, yalipatikana majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37. Ripoti ya Anthony Cary, iliyoandikwa kwa agizo la wizara hiyo mwaka wa 2011, ilibainisha kwamba baadhi ya watumishi walijua kuhusu majalada hayo, ilhali maombi yaliyotangulia ya kutaka habari hayakujibiwa ipasavyo. Kenya yenyewe ilikuwa imeomba kurudishiwa nyaraka zake tangu mwaka wa 1967.

Linganisho hapa ni la kufikirisha. Serikali huru iliomba kwa njia ya kibalozi, isipewe. Wazee watano walidai kwa njia ya mahakama, na masanduku yakafunguka. Tofauti haikuwa katika heshima ya mwombaji. Ombi la kibalozi linaweza kunyamaziwa. Wajibu wa ufichuzi hauruhusu ukimya, kwa sababu anayeuvunja hujibu mbele ya jaji.

Miongoni mwa karatasi zilizopata kujulikana sana ni barua ya mwaka wa 1957 ambayo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu matumizi ya nguvu kambini. Ushauri wake, kwa muhtasari, ulikuwa kwamba kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimya kimya. Hakuna shahidi wa mdomo ambaye angeweza kuyatoa maneno hayo mahakamani, kwani aliyeyaandika hakuyakusudia masikio ya mfungwa yeyote.

Tarehe 21 Julai 2011, Jaji McCombe aliamua kwamba wazee walikuwa na hoja inayostahili kusikilizwa. Mwaka uliofuata serikali ilikubali kwamba walalamikaji walikuwa wameteswa. Tarehe 5 Oktoba 2012, jaji huyo aliruhusu madai ya watatu yaendelee licha ya muda kupita, akiona kwamba wingi wa nyaraka zilizokuwapo uliwezesha kesi kusikilizwa kwa haki. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alitangaza bungeni mapatano ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama, kwa walalamikaji 5,228, na akaeleza masikitiko ya serikali yake. Mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru jijini Nairobi mwezi wa Septemba 2015.

5.0 Simulizi na Waraka

Msomi wa fasihi simulizi hawezi kuipita kesi hii bila kuuliza swali linalouma. Habari za kambi hazikuwa ngeni nchini Kenya. Zilisimuliwa jikoni, makaburini na katika nyimbo kwa miaka hamsini. Elkins alipozitegemea simulizi za wazee katika kitabu chake cha mwaka wa 2005, baadhi ya wahakiki walimlaumu kwa kuuamini mno ushahidi wa mdomo. Karatasi zilipotoka, lawama hizo zilipungua nguvu. Je, mzee aliyeteswa alikuwa akisubiri cheti kutoka kwa mtesaji wake ili aaminiwe?

Jibu la makala haya ni kwamba waraka haukuwa bora kuliko simulizi. Ulikuwa na kazi tofauti. Simulizi ilieleza kilichotendwa mwilini. Waraka ulieleza kilichojulikana ofisini. Mahakama ilihitaji vyote viwili, kwa sababu dhima ya serikali haithibitishwi na kovu pekee wala na barua pekee, bali na uzi unaoviunganisha.

Isitoshe, waraka nao husema uongo. Mnamo Machi 1959, wafungwa kumi na mmoja walifariki katika kambi ya Hola. Taarifa rasmi ya kwanza ilisema kwamba walifariki baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi ulibainisha kwamba walipigwa. Aliyekuwa na taarifa ile peke yake alikuwa na karatasi yenye muhuri, lakini hakuwa na ukweli. Kwa sababu hiyo sheria haitaki waraka mmoja uliochaguliwa na mwenyewe. Inataka jalada zima, pamoja na barua ya ndani inayoikanusha taarifa ya nje.

6.0 Mipaka ya Ufichuzi

Ingekuwa kosa kumwacha msomaji na furaha tupu. Mwezi wa Mei 1961, Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali zijazo zisikabidhiwe nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza au watumishi wake, au kuwafichua watoa habari. Nyingine zilisafirishwa. Nyingi nyingine ziliteketezwa. Maagizo yalieleza hata namna ya kuteketeza: karatasi zichomwe hadi ziwe majivu na majivu yenyewe yavunjwevunjwe, au zitiwe katika masanduku yenye uzito na kuzamishwa baharini mahali penye kina kirefu na pasipo mkondo.

Hapa mofolojia na historia hufika mahali pamoja. Kitenzi ‘ficha’ kina kauli yake ya kutendua, ‘teketeza’ hakina. Hata ‘chomoa’, ambalo kwa sikio linakaribiana na ‘choma’, hutendua kuchomeka wala si kuunguza kwa moto. Lugha haina neno la kurudisha majivu yawe karatasi, na sheria haina amri ya kufanya hivyo. Kinachowezekana ni kidogo zaidi. Kwa kuwa orodha ya ufichuzi huhusisha pia nyaraka ambazo upande husika uliwahi kuwa nazo, anayeulizwa hutakiwa kueleza zilikwenda wapi. Jibu hilo, hata likiwa la majivu, ni ushahidi wa namna yake.

Upungufu huu ulidhihirika katika kesi ya pili. Zaidi ya Wakenya 40,000 walifungua madai ya pamoja jijini London, yaliyojulikana kama kesi ya Kimathi na wenzake. Mwaka wa 2018 mahakama iliyakataa. Miongoni mwa sababu ni kwamba miaka mingi ilikuwa imepita, mashahidi wengi walikuwa wamefariki, na nyaraka zilizosalia hazikutosha kuifanya kesi isikilizwe kwa haki. Nyaraka zilizowabeba watatu mwaka wa 2012 hazikuwatosha maelfu waliofuata. Anayeharibu waraka huharibu pia nafasi ya mtu ambaye bado hajazaliwa kuwa mlalamikaji.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ufichuzi wa nyaraka ni chombo cha mnyonge, kwa kuwa mwenye nguvu huwa tayari na karatasi zake. Yameonyesha pia kwamba chombo hiki hakijiendeshi. Kinahitaji mtu anayejua kwamba kitu kipo, anayeweza kukitaja, na anayekidai kabla hakijateketezwa.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi katika kifungu cha 7. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na zile zilizo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa zinahitajika ili kutekeleza au kulinda haki. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 ilifuata. Vifungu hivi viwili vinategemeana. Mwananchi aliyedhulumiwa kazini au shambani hawezi kuomba kwa lugha rasmi jambo ambalo lugha hiyo haijampa jina.

Kazi iliyo mbele ya wanaistilahi wa Kiswahili ni ya vitendo: kukubaliana juu ya maneno machache, yaani ufichuzi, ukaguzi, orodha ya nyaraka, kinga na ufichuzi mahususi, kuyafafanua kwa lugha inayoeleweka, na kuyafikisha katika vitabu vya shule, vituo vya msaada wa kisheria na masjala za mahakama. Mali bila daftari, husema wahenga, hupotea bila habari. Daftari nalo, likibaki mikononi mwa mwenye kudhulumu bila ya yeyote kujua namna ya kuliitisha, litakuwa sawa na lililopotea.